Niliyokuficha Kuhusu Jacinta

Al-Suwaidi, Riyadh
Alasiri

Hidaya mwanangu,

Wewe na baba yako mmetoka kwenda kuwaaga watu, na mimi nimebaki na begi lako. Nimelifungua na kulifunga mara nne bila kuongeza wala kupunguza kitu. Nimeosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Nimekaa, nimesimama, nimechungulia dirishani kuona kama gari limerudi. Mwisho nimechukua karatasi na kalamu, kwa sababu nikiandika kwenye kompyuta nitafuta, na nikishafuta nitaanza kuyapamba maneno, na haya sitaki yapambwe.

Mambo ya kula, ya kuvaa na ya kufunga mlango umeshayasikia mpaka umechoka. Kesho unapanda ndege kwenda Jeddah kuanza kazi ileile ninayoifanya mimi, ya kuchora kurasa watakazobonyeza watu tusiowajua. Kampuni yako inaleta mafundi na wasaidizi majumbani kwa kupitia simu. Uliponionyesha barua ya ajira nilikukumbatia, nikakupikia, nikawapigia jamaa zetu Tanga. Tangu siku hiyo sijatulia. Baba yako anadhani ni uchungu wa mama anayeachwa na mtoto. Uchungu upo, lakini kuna jingine, na yeye analijua nusu tu.

Nianzie mbali kidogo.

Mimi sikusomea kazi hii. Tanga nilikuwa nikichapa barua za watu na kutengeneza kadi za harusi kwenye duka la fotokopi. Nilijifunza kutengeneza tovuti kwa kufungua za wengine na kuangalia zilivyounganishwa, kama mtu anayefumua gauni ili ajue lilivyoshonwa. Baba yako alipopata mkataba wa kutengeneza mitambo ya baridi hospitalini, tukamfuata huku, wewe ukiwa na miaka sita. Kwa miaka mingi nilikaa ndani nikichora tovuti za watu wa nyumbani. Halafu mambo yakaanza kufunguka Riyadh. Wanawake wakaruhusiwa kuendesha magari, ofisi zikaanza kuwachanganya wanaume na wanawake, na kila kilichokuwa kikifanywa kwa foleni kikahamia kwenye simu. Kampuni zilitafuta wabunifu kwa pupa. Mimi, mchapaji wa Tanga, nikaitwa kwenye usaili, nikapewa meza karibu na dirisha, na ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ikahamishwa kutoka kwa baba yako ikawa chini ya kampuni.

Wiki ya kwanza niliaibika. Nilichora fomu yenye mshale wa kuendelea mbele, nikauelekeza kulia kama nilivyozoea. Mhasibu mmoja mzee, mtu mpole sana, akawa anajaza fomu ile na kurudi mwanzo, anajaza na kurudi mwanzo, kwa sababu Kiarabu husomwa kutoka kulia na kwake mshale ule ulikuwa unamrudisha nyuma. Alijaza mara tatu kabla ya kuuliza, na alipouliza aliomba radhi yeye. Alidhani kosa ni lake. Hilo nimeliona kila mahali tangu siku hiyo: ukurasa ukiwa mbaya, mtu hujilaumu mwenyewe. Humsikii akilalamika. Anajiona mjinga, anafunga simu, na wewe huku unahesabu kwamba kila kitu kimekwenda sawa.

Nina maoni mengi juu ya kazi yetu na unayajua, maana nimekuchosha nayo tukiwa mezani. Sipendi fomu inayodai majina manne kwa mtu ambaye pasipoti yake ina mawili. Sipendi yule msaidizi wa mtandaoni anayepewa jina la kike na picha ya kutabasamu, kumbe hayupo. Sipendi nyota. Kumpa binadamu nyota tatu baada ya kukusafishia nyumba, kama unavyoipa nyota sufuria, ni jambo ambalo sijalizoea hata leo, ingawa nyota zenyewe nilizichora mimi. Maoni, Hidaya, ni rahisi. Nilikuwa nayo yote haya siku nilipofanya ninalotaka kukueleza.

Unamkumbuka Jacinta.

Kwa nini sikulitaja jina lake tangu mwanzo, sijui. Jacinta wa kwa Umm Rayan, nyumba ya ng'ambo ya barabara yenye geti la kijani, aliyekuwa anakuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana kukusuka nywele. Alitoka Machakos. Alikuwa akiimba kwaya kwa sauti ya chini huku kakushikilia kichwa, na ukijitikisa anakwambia, "Tulia wewe, nitakusuka kombo uende shule ukikaa hivyo." Siku moja hakuja. Ukaniuliza, nikakwambia amerudi Kenya. Ukanuna kwa sababu hakukuaga.

Hakuwa amerudi Kenya. Alikuwa mtaa wa Manfuha, humuhumu Riyadh, amejificha, na mimi nilikuwa najua.

Kampuni yetu ilikuwa inawaletea watu wasaidizi wa nyumbani. Mwenye nyumba alichagua kwenye simu, akasaini kwenye simu, na kukiwa na tatizo aliripoti kwenye simu. Msaidizi akitoweka, taarifa ilipitia kurasa saba, na wateja walikuwa wanakasirika. Bosi wetu, Ustadh Nayef, akanipa kazi ya kuzipunguza. "Tatu tu," alisema. "Abonyeze mara tatu, halas, basi." Nilikaa nayo wiki mbili, nikaishusha hadi mara mbili. Ukurasa wa kwanza uliuliza, Je, mfanyakazi yupo nyumbani? Ukijibu hapana, unaletewa kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa Tuma taarifa. Palikuwa na kitufe cha kuifuta taarifa pia. Nilikiondoa, kwa sababu niliona kinauchafua ukurasa. Anayetaka kufuta apige simu.

Nilipongezwa. Iliagizwa keki. Nikarudi nyumbani nikakuonyesha kwenye simu yangu nilivyopanga rangi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ukabonyeza, ukaangalia, ukauliza, "Na yule dada mwenyewe anabonyeza wapi?"

Nikakujibu, "Yeye si mteja wetu."

Huenda umesahau. Mimi jibu lile nalisikia nikiwa nafua, nikiwa kwenye foleni, nikiwa naendesha gari.

Sasa sikiliza kilichotokea. Umm Rayan alikwenda Jeddah na watoto wake kwa mapumziko, akamwacha Jacinta na mama yake mzee, yule bibi ambaye akili yake ilikuwa imeanza kupotea. Jacinta akashikwa na jino. Alivumilia siku mbili, ya tatu akamwomba bibi ruhusa, bibi akampa, akaenda kliniki. Simu yake aliiacha kwenye chaji. Umm Rayan akapiga kutoka Jeddah, simu ikaita bila kupokewa. Akampigia mama yake, bibi akasema hajui msichana yuko wapi. Akafungua programu yetu akabonyeza. Mara mbili.

Jacinta aliporudi na shavu limevimba, dereva wa nyumba ile akamzuia getini. Madam alikuwa amempigia kumwambia ameshatuma taarifa. Akamwambia yeye sasa ni hurub, mtoro, na asingeweza kumfungulia kwa sababu kumhifadhi mtoro ni kosa. Akatembea. Akafika Manfuha, ambako Wakenya wenzake walikuwa wamepanga chumba kwenye zile nyumba za zamani, na kwa simu ya mmoja wao akanipigia mimi, maana namba yangu alikuwa ameikariri kwa ajili ya ratiba ya nywele zako. Ilikuwa Jumapili.

"Mama Hidaya, mimi sijatoroka," alisema. "Nilienda tu kung'oa jino. Nampigia madam hashiki, si hajui hii namba. Wewe uko hapo karibu. Mwambie tu."

Nikamwambia, "Tulia. Nitalishughulikia."

Kampuni ilikuwa inashikilia taarifa kwa siku saba kabla ya kuipeleka mbele, serikalini. Ndani ya siku hizo simu moja tu ya mwenye nyumba ingeifuta. Hayo nilikuwa nayajua kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Na kwa siku saba sikufanya kitu.

Nimejaribu kujiuliza kwa nini, na majibu yanabadilika kila mwaka. Ikama yangu ilikuwa inakaribia kuhuishwa, na mtu ambaye karatasi zake ziko mikononi mwa mwajiri hujifunza kusema tamam, sawa, kabla hajaulizwa swali. Hilo ni kweli. Nilijiambia kwamba Umm Rayan akirudi watamalizana wenyewe. Hilo ni uvivu. La chini kabisa ni kwamba sikutaka kusema kwa mdomo wangu, mbele ya mtu yeyote, kwamba ukurasa ule nilikosea. Nilikuwa nimekula keki yake.

Ijumaa ukaniuliza Jacinta yuko wapi, nikakudanganya. Jumamosi nikaliona gari la Umm Rayan limerudi. Ile Jumamosi, Hidaya, muda ulikuwa bado. Nilikuwa kibarazani naanika shuka. Ningevuka barabara kwa kandambili. Nikaingia ndani nikapiga pasi nguo ambazo tayari zilikuwa zimepigwa.

Jumatatu nilikuwa kazini nakagua rangi za ukurasa unaoonyesha taarifa zilizopelekwa. Nikaliona jina lake kamili, na mbele yake alama ya kijani iliyoandikwa Imekamilika. Kijani kile nilikichagua mimi. Nilisema kwenye mkutano kwamba kinampa mteja utulivu.

Nikachukua mkoba nikatoka bila kuaga. Nilikuwa na leseni ya miezi michache tu na sijawahi kuendesha kwenye vichochoro vya Manfuha. Nilimkuta kwenye chumba cha wanawake sita, amekaa kwenye godoro, uso umevimba bado, jino halikung'olewa vizuri. Aliponiona akasimama, akatafuta viatu vyake. Alidhani nimekuja kumrudisha.

"Madam amesema nini?" akauliza.

"Sijamwona bado."

"Bado?" Akanitazama. "Tangu Jumapili ile?"

Akavua kile kiatu alichokuwa ameshakivaa, akakiweka chini taratibu.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Umm Rayan. Nilikaribishwa sebule ya wanawake, nikawekewa gahawa. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mkatili, na ingekuwa nafuu kwangu angekuwa mkatili. Nilipomweleza habari ya jino na ya kuzuiwa getini alishika kifua; dereva hakuwa amemwambia kwamba Jacinta alirudi. Akainuka kwenda kumuuliza mama yake, akarudi macho yamelowa.

"Mimi nilitaka wamtafute," alisema. "Niliogopa amepatwa na jambo. Angalia."

Akafungua simu yake akanionyesha. Tuma taarifa. "Hapa pameandikwa kwamba taarifa hii itafanya nini? Nionyeshe wewe unayejua. Pameandikwa wapi?"

Hapakuandikwa popote. Nilikuwa nimeweka maneno mawili kwa sababu maneno mawili yanakaa vizuri ndani ya kitufe.

Akapiga simu kwenye kampuni mbele yangu. Wakamwambia siku zimepita. Siku mbili. Kesho yake tulizunguka ofisi baada ya ofisi, yeye na mimi, kwenye gari langu, na kila mahali tulipokelewa kwa adabu na kuambiwa kwamba safari ya karatasi imeshaanza. Jacinta akajisalimisha mwenyewe ili asije akakamatwa barabarani. Alirudishwa kwao kupitia Jeddah, na hataruhusiwa kurudi huku kufanya kazi.

Ile safari yangu ya Jeddah niliyokwambia ni semina, haikuwa semina. Nilikuwa nampelekea begi lake, ambalo Umm Rayan alilipanga kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye kituo cha wanaongoja kurudishwa makwao walituruhusu kuzungumza dakika chache, meza katikati. Nilianza kueleza. Nilieleza kuhusu kurasa saba, kuhusu bosi, kuhusu ikama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Hidaya anajua?"

"Nilimwambia umerudi nyumbani."

"Basi mwambie. Asikae akifikiria niliondoka tu hivyo bila kumuaga."

Nikaahidi. Umehesabu miaka? Ulikuwa na kumi na mitano, sasa una ishirini na mbili.

Niliporudi kazini nilimweleza Ustadh Nayef yote. Alinisikiliza vizuri, nakiri. Akakubali tuandike kwa maneno kamili taarifa inapelekwa wapi na itamfanyia nini mtu anayetajwa. Akakubali kitufe cha kufuta kirudishwe. Nilipomwambia tumtumie na msaidizi mwenyewe ujumbe kwenye simu yake, kwa lugha yake, na mahali pa kujibu, akacheka kidogo. "Huyo mafi mteja," yaani si mteja, akasema kwa kile Kiarabu cha kuchanganya anachowasemeshea wageni. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya yake.

Ungependa nikwambie nilijiuzulu siku ile. Sikujiuzulu. Nilibaki miaka miwili zaidi, nikachora mengine, mengine mazuri tu. Kila mwaka nilimuuliza tena juu ya ule ujumbe, na mwaka wa pili akachoka na mimi akaukubali, kwa Kiswahili na lugha nyingine tatu. Maneno ya Kiswahili niliyaandika mimi. Ni sentensi nne. Yalinichukua siku tano, na hayakumrudishia Jacinta chochote.

Nilimpigia simu mara mbili, akiwa Machakos. Mara ya kwanza alinieleza kwamba anasuka watu nyumbani kwa dada yake. Mara ya pili nilianza tena kuomba radhi, akanikatiza. "Mama Hidaya, sina neno na wewe. Lakini usiwe unanipigia ndio wewe usikie vizuri." Sikumpigia tena.

Nimetoka hapa kidogo kuangalia dirishani. Bado hamjarudi. Adhana ya magharibi inakaribia na sijapika.

Najua kazini kwako utakuwa hodari kuliko mimi. Una jicho, umesoma, Kiarabu chako si cha kubabaisha kama changu. Hicho ndicho kinachonitoa usingizi. Watakupenda haraka. Watakuita kwenye meza ambayo mimi ilinichukua miaka kuifikia, na siku moja mtu mwenye heshima zake atakuomba upunguze kitu, na utakipunguza vizuri sana, na kila mtu chumbani atafurahi. Sina maneno ya kukupa ya kusema siku hiyo. Mimi sikuyapata. Ninachokijua ni jinsi mwili wangu ulivyokuwa zile siku saba: mikono ilikuwa haikai, nilipiga pasi, nilifagia, nilipanga kabati. Nilidhani nimechoka tu. Ukijiona unapanga kabati la ofisini katikati ya wiki bila sababu, acha kabati, jiulize ni nani anangoja simu yako.

Tena usiniulize kama ningefanya vinginevyo ikama isingekuwa shingoni. Wewe pia sasa itakuwa shingoni kwako, mara ya kwanza, kwa jina lako. Ukiona hofu imekushika usijione mbaya kwa sababu hiyo. Mimi nilijificha kwanza nisionekane naogopa, na siku zikaishia humo.

Nilikuwa nimepanga nikuwekee barua hii chini ya nguo, uikute Jeddah ukifungua begi. Nimeshaiweka huko na kuitoa. Ukiisomea Jeddah utakuwa mbali, utalia au utakasirika peke yako, jioni utanipigia umeshatulia, na sauti yako itakuwa imeshanihurumia. Nakujua.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii mkirudi, kabla ya chakula. Baba yako nitamtuma dukani. Utaisoma hapa sebuleni, na mimi nitakuwa kwenye kiti cha mbele yako, bila sufuria wala pasi, mpaka umalize na useme utakalosema.

Geti limelia. Ni nyinyi.

Mama yako